Je, wajua kwa nini seli zikiwekwa pamoja maabarani hujijenga zenyewe kuwa mfano wa kiungo au kiinitete?

Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani, Henry Van Peters Wilson, alichukua sifongo hai wa baharini, akamkamua kupitia kitambaa cha hariri chenye matundu madogo hadi akasambaratika kuwa seli moja moja na vikundi vidogo vya seli, kisha akaziacha seli hizo ndani ya maji ya bahari. Hazikufa. Zilitambaa, zikakutana, zikashikamana, na baada ya muda zikaunda upya sifongo mwenye mifereji yake ya kupitishia maji. Jaribio hilo la zamani linasaidia kujibu swali ambalo wengi hujiuliza wanaposikia kwamba wanasayansi wametengeneza ubongo mdogo, au kiinitete bila yai wala mbegu ya kiume: wanawezaje kuipanga kila seli mahali pake? Hawazipangi. Wanachofanya ni kuchagua seli zinazofaa, kuziandalia mazingira, na kuziacha zifanye kazi ambayo tayari zinaijua.

Uwezo huo una sababu zinazoeleweka. Ya kwanza iko kwenye utando wa nje wa seli, ambako hukaa protini za kushikanisha, zikiwemo kadherini zilizogunduliwa na Mjapani Masatoshi Takeichi. Seli zenye kadherini za aina moja hushikana kwa nguvu zaidi kuliko zinavyoshikana na seli za aina nyingine, kwa hiyo mchanganyiko ukiachwa utulie, aina hizo hujitenga kama mafuta na maji. Mwaka 1955 Philip Townes na Johannes Holtfreter walitenganisha na kuchanganya seli za viinitete vya amfibia (wanyama kama vyura), wakaona zile za ngozi zikielekea nje na zile za mfumo wa neva zikizama ndani, kwa mpangilio uleule unaoonekana katika kiinitete kisichoguswa.

Kushikana peke yake hakutoshi, kwa sababu seli inapaswa pia kujua igeuke kuwa nini. Hapo huingia ishara za kemikali ambazo seli hutoa na kupokea, na athari ya ishara hutegemea kiasi chake, muda inaodumu, na mahali seli ilipo. Jambo hili lilidhihirika vizuri mwaka 2014 katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, pale Aryeh Warmflash na Ali Brivanlou walipozikuza seli shina za binadamu, yaani seli ambazo bado zina uwezo wa kugeuka kuwa aina nyingi, kwenye viduara vidogo bapa na kuziongezea protini moja tu, BMP4. Ingawa protini hiyo ilimwagwa sawasawa kila mahali, seli za katikati zilichukua njia ya kuwa ngozi na neva, zilizofuata zikaelekea kuwa misuli na damu, zilizofuata tena zikaelekea kuwa utumbo, na za ukingoni kabisa zikafanana na zile zinazozaa kondo la nyuma. Seli za ukingoni huipokea ishara kwa urahisi zaidi, ilhali zile za katikati huizima kwa kutoa kemikali pinzani. Yaani umbo la duara lenyewe liligeuka kuwa taarifa. Kwa maoni yangu, hili ni jaribio la kustaajabisha kuliko mengi yaliyopata sifa kubwa zaidi, kwa kuwa linaonyesha wazi jinsi kidogo tunachokiongeza sisi.

Seli zinazotumika ni seli shina hizo. Za panya zilianza kukuzwa mwaka 1981 na za viinitete vya binadamu mwaka 1998. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kwamba jeni nne tu zikiamshwa katika seli ya kawaida ya panya huirudisha kwenye hali ya seli shina, na mwaka uliofuata ikafanyika hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu. Tangu hapo imewezekana kukuza tishu za mgonjwa fulani kutokana na kipande kidogo cha ngozi yake.

Mwaka 2009, katika Taasisi ya Hubrecht mjini Utrecht, Toshiro Sato na Hans Clevers waliweka seli shina moja ya utumbo wa panya ndani ya jeli yenye protini zinazozunguka seli mwilini, wakaongeza ishara chache za ukuaji, na seli hiyo ikazaa kijifuko chenye vishimo na aina za seli za utumbo halisi. Vijiumbo kama hivyo huitwa oganoidi. Miaka minne baadaye Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich wa Vienna walikuza oganoidi za ubongo zilizofikia upana wa takriban milimita 4, kisha wakazirudia kwa kutumia seli za mgonjwa aliyezaliwa na kichwa kidogo kupita kiasi. Oganoidi zake nazo zilikuwa ndogo, na sababu ikaonekana: seli zilizopaswa kuendelea kugawanyika ziliacha mapema mno na kugeuka kuwa seli za neva. Panya wa maabara hawakuwa wameweza kuonyesha vyema ugonjwa huo. Virusi vya Zika, vinavyohusishwa na watoto kuzaliwa na vichwa vidogo, vilipozua hofu nchini Brazil, oganoidi za aina hiyo ndizo zilizotumika mwaka 2016 kuonyesha kwamba virusi hivyo hushambulia hasa seli changa zinazojenga ubongo.

Hata hivyo jina la ubongo mdogo linapotosha. Oganoidi hizo hazina mishipa ya damu, na oksijeni hupenya sehemu ndogo tu ya milimita kabla haijaisha, kwa hiyo kijiumbo kinapokua, seli za kiini chake hufa. Hakuna macho wala masikio yanayokipa habari, na mpangilio wa sehemu zake hutofautiana kutoka kimoja hadi kingine. Kile ambacho mwili mzima ungetoa, yaani damu, mikazo, mipaka na majirani, ndicho kinachokosekana, na seli haziwezi kukibuni.

Mifano ya viinitete imejaribu kuziba sehemu ya pengo hilo kwa kuwaleta majirani. Mwaka 2018 kundi la Nicolas Rivron nchini Uholanzi liliunganisha seli shina za kiinitete cha panya na zile za kondo la nyuma, likapata blastoidi, yaani kijiumbo kinachofanana na kiinitete cha siku chache za mwanzo. Zile za binadamu zilifuata mwaka 2021. Mwaka 2022 kundi la Jacob Hanna wa Taasisi ya Weizmann nchini Israel lilichukua seli shina za panya, likazielekeza baadhi yake kuwa kondo la nyuma na mfuko wa kiini cha yai, na kuzikuza katika chupa zinazozunguka. Zilifikia hatua ya siku ya 8 na nusu katika mimba ya siku 20 hivi, zikiwa na moyo unaodunda na mikunjo ya ubongo. Lakini kati ya mikusanyiko ya seli kama 10,000, iliyofika hapo ilikuwa yapata 50. Seli zinajua kazi, ila mazingira tunayoziandalia bado ni duni.

Mwaka 2023 kundi hilohilo lilitangaza mfano wa kiinitete cha binadamu wenye sura ya siku ya 14, na homoni zake ziligeuza kipimo cha kawaida cha mimba kuonyesha kwamba mimba ipo. Siku ya 14 si namba ya kubahatisha: sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 inakataza kukuza kiinitete halisi maabarani kupita hapo, na wiki zinazofuata, ambamo viungo huanza kuchorwa, hazionekani kwa urahisi ndani ya mji wa mimba. Ndiyo maana mifano inatafutwa. Je, nayo ni viinitete? Mamlaka za Australia ziliamua mwaka 2021 kwamba blastoidi zilizokuzwa nchini humo zinaingia katika tafsiri ya kisheria ya kiinitete. Kipimo cha wazi kingekuwa kuziweka katika mji wa mimba, jambo ambalo miongozo ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Seli Shina inalipiga marufuku kwa mifano ya binadamu, hata katika mji wa mimba wa mnyama. Kwa nyani limejaribiwa: mwaka 2023 watafiti wa China walipandikiza blastoidi za nyani katika majike 8, na 3 kati yao wakaonyesha dalili za mimba, kukiwa na mfuko wa mimba na homoni zake, lakini kabla ya wiki chache kwisha mifuko hiyo ilikuwa imetoweka.