Baada ya operesheni ya ngiri, niambie kwanza unabeba nini

Wanaume waliofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena hapa Tabora wana swali moja wanaloniuliza kuliko yote, na si la maumivu. Si la ndoa pia, ingawa hilo nalo huja kwa sauti ya chini mtu akishafika mlangoni. Swali ni hili: "Dokta, baiskeli lini?" Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, sishiki kisu, lakini huku kila aliyevaa koti jeupe ni dokta. Basi nami namjibu kwa swali: utakuwa umebeba nini?

Baiskeli tupu kwenye lami, mtu amekaa kitini anakanyaga taratibu, haina ugomvi mkubwa na mshono. Ugomvi uko kwenye keria, kwenye mchanga, na kwenye ule mguu unaorushwa nyuma wakati wa kupanda.

Ngiri ya kinena hutokea pale ukuta wa tumbo unapolegea, na utumbo au mafuta ya ndani yakasukumwa kupita hapo. Daktari huyarudisha ndani, kisha huimarisha ukuta. Adui wa kazi hiyo ni mgandamizo unaotoka ndani ya tumbo. Watafiti wa Marekani waliupima kwa watu 20 wenye afya na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Mtu akiwa amekaa, wastani ulikuwa karibu milimita 17 za zebaki (kipimo kilekile cha presha ya damu), na akisimama ulikuwa 20. Akikohoa huku amesimama ulipita 100, na akiruka ukafika 171. Sasa mfikirie mzee anayeogopa kugusa baiskeli yake kwa miezi mitatu, lakini sigara hajaiacha na kila alfajiri anakohoa hadi majirani wanaamka. Huyo amekosea adui. Najua tuko kwenye mkoa wa tumbaku na maneno haya hayapendwi, lakini zaidi ya kikohozi, moshi wa sigara huchelewesha kidonda kupona. Choo kigumu nacho kiko kwenye kundi hilohilo la kujikamua, hasa kwa waliopewa dawa kali za maumivu. Maji mengi, ugali wa dona, mboga za majani kama nsansa au matembele: hiyo ni sehemu ya matibabu.

Kabla sijasema lolote kuhusu wiki, nahitaji kujua ulishonwaje. Uliza kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali: nimewekewa wavu au nimeshonwa kwa nyuzi tu? Wavu ni kipande cha kitambaa maalumu kinachowekwa juu ya sehemu dhaifu, na nyama za mwili huota ndani ya matundu yake. Wavu huo ndio unaobeba mzigo, misuli haivutwi kwa nguvu. Pasipo wavu, misuli yenyewe ndiyo iliyovutwa ikaunganishwa, kwa hiyo mshono uko kwenye mvutano tangu siku ya kwanza. Wengi huku kwetu wameshonwa kwa njia hiyo ya pili kwa sababu ya bei ya wavu. Katika utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2016, wanaume 302 waligawanywa: wengine wakawekewa wavu wa kiwandani, wengine wavu wa bei nafuu uliotokana na kitambaa cha chandarua na kutakaswa ipasavyo. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu, wa kundi la wavu wa bei nafuu. (Tafadhali usije na chandarua chako kutoka nyumbani.)

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 unasema kwamba baada ya upasuaji usio na matatizo mtu arudie shughuli zake za kawaida mara tu anapojisikia vizuri, na kwamba siku tatu hadi tano zaweza kutosha. Sibishani nao. Ila shughuli za kawaida za karani na za mbeba mkaa anayeingia mjini alfajiri kutoka Uyui haziwezi kuwekwa kwenye kapu moja.

Siku za mwanzo tembea. Tembea kila siku, hata kama ni kuzunguka uwanja wa nyumba tu. Utaona korodani zimevimba kidogo na kugeuka zambarau, na hilo huwatisha watu kuliko kidonda chenyewe. Ni damu ya upasuaji iliyoshuka, itafyonzwa. Chini ya kovu utapapasa kitu kigumu kama kamba. Hiyo si ngiri iliyorudi, ni kidonda kinajijenga, na hulainika kadiri wiki zinavyopita. Ganzi chini ya kovu au juu ya paja nayo ni ya kawaida, na wengine hubaki nayo muda mrefu. Kwa mpanda baiskeli ina jambo lake: ngozi yenye ganzi haikuambii kwamba kiti kinaichubua, kwa hiyo ukishuka jikague kwa macho.

Baiskeli ya kwanza ni ile isiyokwenda popote. Hizi Phoenix za kwetu zina stendi ya nyuma inayonyanyua tairi, basi itumie. Weka ubao chini, maana mchanga wetu humeza stendi, kaa karibu na ukuta wa kushikilia, kanyaga dakika chache. Kama kinena hakivuti, kesho ongeza. Kiti kisiwe juu hadi nyonga zinayumba kutafuta pedeli, wala kisiwe chini hadi paja linagonga mshono.

Ukitoka barabarani, azima baiskeli ya kike. Najua watacheka pale kijiweni, waache wacheke. Haina bomba la juu, unaingia kwa kupitisha mguu mbele bila kuurusha, na huo mrusho ndio unaovuta kinena kuliko kilomita mbili za kukanyaga. Kipimo changu ni breki: ukiwa kitini kando ya barabara, jifanye mbuzi amekatiza ghafla, funga breki uweke mguu chini haraka. Ukisita kwa maumivu, barabara yenye magari bado. Wenye wavu wengi hufaulu ndani ya wiki ya pili au ya tatu.

Mzigo ndio wa mwisho, na hapo mimi ni mkali. Baiskeli yenye magunia haiendeshwi sana, husukumwa. Mtu anainama, anakita miguu kwenye mchanga, anabana pumzi, anasukuma. Kule kubana pumzi ndiko kunakopandisha mgandamizo. Kwa mwenye wavu nasema wiki sita kabla ya mzigo wowote wa maana. Aliyeshonwa kwa nyuzi tu namshikilia hadi miezi mitatu, isipokuwa daktari wake aseme vingine. Kisha aanze na debe, aje nusu gunia, na anaposukuma atoe pumzi, asiibane. Gunia la mahindi la kilo 100 asilinyanyue peke yake hata akijisikia simba. Abiria naye ni mzigo, tena mzigo unaocheza. Hata pampu ya mkono inakamua tumbo, mwachie fundi.

Najua miezi mitatu bila mkaa ni miezi mitatu bila hela. Waliofanikiwa ninaowaona walipanga kabla ya operesheni: baiskeli akapewa mdogo mtu kwa makubaliano ya kugawana, au upasuaji ukasogezwa hadi baada ya mavuno.

Homa, usaha, au wekundu unaosambaa: rudi hospitali, usinisubiri mimi. Uvimbe unaotokeza ukikohoa na kupotea ukilala, njoo wiki hiyohiyo. Uvimbe ukikwama na kuuma, nawe unatapika, nenda hospitali usiku huohuo, na mtu akupeleke kwa gari au bajaji, baiskeli ibaki nyumbani.