Pengwini jitu na mguu wa kuku

Julai, Mbeya. Tumelizunguka jiko la mkaa la mama muuza supu pale Mwanjelwa, kila mtu na koti lake, kijana mmoja akatuonesha kwenye simu picha ya pengwini wa kale aitwaye Palaeeudyptes. Ubishi ukaanza kabla supu haijapoa.

“Mfupa mmoja utamjuaje ndege mzima?” Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 1859 mwanabiolojia Thomas Henry Huxley wa Uingereza aliipa jenasi hii, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, jina kwa mfupa mmoja tu wa mguu, uliotoka New Zealand. Nikatoa mguu wa kuku kwenye bakuli langu, nikaumenya ngozi. Kile kipande kirefu juu ya vidole ni mifupa mitatu iliyoshikana utotoni hadi ikawa mmoja, mwembamba kama kijiti. Pengwini naye anao, ila wake ni mfupi na mpana, na mifereji inayoonesha ile mitatu ilipokutana haijafutika. Aliyezoea mifupa ya ndege akiushika mkononi hana haja ya kusubiri bawa.

“Alikuwa na kimo cha mita mbili!” Taratibu. Spishi yake kubwa, Palaeeudyptes klekowskii wa kisiwa cha Seymour huko Antaktika, ilikadiriwa mwaka 2014 kufikia mita mbili na kilo 115, kwa kupima mfupa huohuo wa mguu, sentimita 9 hivi. Mita hizo ni toka ncha ya mdomo hadi vidoleni, ndege akiwa amenyooshwa. Akisimama, shingo ikajikunja, anapungua. Hata hivyo ni jitu: pengwini mkubwa kuliko wote wa leo hufika kilo 40 hivi.

“Mifupa yake ina uwazi ndani, kama ya ndege wengine.” Hapana, ya pengwini imeshiba na ni mizito, inamsaidia kuzama.

“Ni babu wa Eudyptes, hawa pengwini wa leo wenye ushungi wa njano.” Majina yanafanana tu, lake ni kama kusema mpiga mbizi hodari wa kale. Palaeeudyptes alikuwa tawi la pembeni, likakauka bila kuacha kizazi.

“Basi aliishi na dainosaria wetu wa Rukwa.” Wapi! Rukwatitan ni wa takriban miaka milioni 100 iliyopita. Dainosaria wa aina yake waliisha miaka milioni 66 iliyopita, na Palaeeudyptes alikuja zaidi ya miaka milioni 20 baadaye.

Nilikuwa bado nimeuinua ule mguu juu, mama wa supu akanigeukia: “Kaka, huo unakula au unafundishia? Watu wanangoja bakuli.”