Mdoli wa hisi: maana yake na jinsi unavyobuniwa

Mdoli wa hisi ni mdoli laini wa kitambaa unaotengenezwa kwanza kwa ajili ya ngozi na misuli ya mtoto, kisha ndiyo kwa ajili ya macho yake. Mdoli wa kawaida wa dukani huanza na sura: dubu au sungura, macho makubwa, tabasamu. Huu huanza na maswali. Mkono ukipita juu yake unakutana na nini? Ukiwekwa mapajani unalemea kiasi gani? Ukibanwa unarudisha nguvu au unanywea tu? Mtoto akiutafuna sikio kutwa nzima, mshono utahimili? Sura huja mwisho, na mara nyingine haiji kabisa.

Unawalenga hasa watoto ambao ubongo wao hupokea taarifa za mwili kwa namna isiyo ya wengi. Wapo wenye usonji, wapo wenye tatizo la umakini na kutotulia, na wapo wasio na jina lolote la kitabibu ila nyumba nzima inajua kwamba shati lenye lebo shingoni halivaliki, soksi yenye mshono vidoleni ni ugomvi wa kila asubuhi, na siku ya kusuka nywele majirani wote wanaijua. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, uliliweka jambo hili miongoni mwa vigezo vya usonji: mtoto kuitikia kupita kiasi, au chini ya kiasi, kile ambacho milango yake ya fahamu inampa.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu na kuuhesabu mguso kama mlango mmoja. Kwa anayebuni midoli, hesabu hiyo haitoshi. Ngozi ina vipokezi vinavyoshika mtetemo, vingine mgandamizo unaokaa, vingine kunyooka kwa ngozi yenyewe. Kwenye ngozi yenye malaika, kama ya mkono chini ya kiwiko, kuna neva za polepole zinazoitikia vizuri zaidi mpapaso wa taratibu, kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa mama anayembembeleza mwanawe. Kiganja kina neva hizo chache sana. Kwa hiyo manyoya yaleyale ya mdoli ni habari moja yakipita kiganjani na habari nyingine yakipita shavuni. Juu ya hayo kuna hisi ya ndani ya misuli na viungo, inayomwambia mtu mkono wake uko wapi hata akifumba macho, na hisi ya mizani iliyo ndani ya sikio.

Aliyeziweka hisi hizi za ndani katikati ya malezi na tiba ya watoto ni A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo (tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku) na mwanasaikolojia wa California, aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1972. Nadharia yake, kwamba ubongo usipoziunganisha vizuri taarifa za hisi mtoto hupata shida ya kujifunza na kutulia, ina mashabiki wengi na wapinzani pia. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiitumie shida ya kuchakata hisi kama ugonjwa unaosimama peke yake, na kiliwataka wawaeleze wazazi kwamba ushahidi wa tiba zinazotokana na nadharia hiyo bado ni mdogo. Kwa maoni yangu, mzazi hahitaji kusubiri ubishi huo uishe. Mtoto anayetafuna ukosi wa shati la shule mpaka unalowa ameshasema anachokitaka, na kumpa kitu salama cha kutafuna hakuhitaji nadharia.

Ugumu ni kwamba watoto hawa hawako upande mmoja. Yupo anayeukimbia mguso na yupo anayeutafuta, na mara nyingi ni mtoto yuleyule. Ukimgusa kwa ncha ya kidole anaruka, ukimfunika na magodoro mawili anatulia. Mguso mwepesi huamsha mwili na kuutahadharisha, ilhali mgandamizo mzito, mpana na usiobadilika huwatuliza wengi wao. Ndiyo maana mdoli wenye manyoya marefu mepesi, ule ambao dukani kila mtu anausifia kuwa laini, unaweza kuwa ndio usiovumilika kuliko yote. Manyoya hayo hayakai mahali pamoja. Hupitapita, hutekenya, hunata kwenye mdomo wenye mate. Manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja, au kitambaa cha fulana kilichovutwa vizuri, huwasumbua wachache zaidi.

Mfano bora wa mgandamizo huo ni wa Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo nchini Marekani ambaye mwenyewe ana usonji. Alipokuwa msichana, kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakibanwa pande zote mbili katika kizimba cha kuchanjia, na baadhi yao wakitulia humo. Akajitengenezea mashine ya mbao yenye mito, ya kujibana mwenyewe. Mwaka 1992 aliandika katika jarida la kitaalamu jinsi mashine hiyo ilivyomtuliza na jinsi wengine walivyoipokea. Kitu cha kutazama hapo ni nani aliyekuwa anaendesha mashine. Grandin alitamani kukumbatiwa, lakini kumbatio la mtu lilimfunika kama wimbi, naye hakuwa na uwezo wa kulisimamisha. Kwenye mashine, nguvu ilikuwa chini ya mkono wake mwenyewe: aongeze, apunguze, atoke.

Hapo ndipo mdoli wa hisi unapopata maana yake kamili. Ni mguso ambao mtoto anauamuru mwenyewe. Shangazi akimkumbatia, shangazi ndiye anayeamua lini aachie. Mdoli hauna uamuzi. Ukiushika kipimo hicho utaweza kupima kila madoido yanayowekwa kwenye midoli hii sokoni. Sauti inayolia yenyewe mtoto akipita karibu imekosea, lakini karatasi inayochakarika ndani ya sikio, isiyolia mpaka ibanwe, inafaa. Mkanda wa kumfungia mtoto mdoli mwilini umekosea. Uzito anaoweza kuusukuma chini kwa mkono mmoja ni sawa.

Uzito wenyewe unahitaji maneno zaidi, maana ndio unaouzwa kwa ahadi kubwa kuliko vyote. Midoli mizito hujazwa punje za kioo au za plastiki, huwekwa mapajani au begani, na lengo ni kuzipa misuli na viungo kitu cha kuhisi. Wengi hutaja kanuni ya asilimia 10 ya uzito wa mtoto, ambayo asili yake ni mablanketi mazito, na hata huko ni mazoea zaidi kuliko sheria. Kuhusu mablanketi hayo, utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watoto 67 wenye usonji waliokuwa na shida ya usingizi. Blanketi zito halikuwaongezea muda wa kulala likilinganishwa na jepesi. Hata hivyo watoto na wazazi walipoulizwa walipenda lipi, walichagua zito. Nadhani matokeo hayo yanasema kitu cha kweli kuhusu vifaa vyote vya namna hii: vinaweza kumpendeza na kumfariji mtoto bila kutibu chochote. Muuzaji akikuambia mdoli wake unatibu usonji, hifadhi pesa zako. Na kwa mtoto mchanga, kitu chochote kizito kitandani ni hatari, hakuna mjadala.

Kwenye kitambaa, kosa la wabunifu wapya ni kuweka kila kitu. Utaona mdoli mmoja una mahameli, kodroi, taulo, satini, manyoya, velkro na vifungo, eti kwa sababu ni wa hisi. Mtoto anayekerwa na mguso hawezi kuushika popote bila kukutana na kitu asichokitaka. Mbunifu makini hugawa mwili wa mdoli katika maeneo. Tumbo na mgongo, mahali ambapo mkono hauna budi kupita, ni kitambaa kimoja tulivu. Vitu vyenye makali zaidi huenda pembeni, kwenye masikio, nyayo na mkia, ili mtoto aviendee akivitaka. Lebo ya maelezo ya kufua haishonwi ubavuni. Inachapwa moja kwa moja au inafichwa. Lakini wapo watoto wanaozipenda lebo kuliko mdoli wenyewe, wakizipitisha kati ya vidole kwa saa nzima. Kwa hao vipande vya utepe wa satini vinaongezwa kwa makusudi, vikiwa vimekunjwa kitanzi kifupi ili visiwe kamba.

Mshono unastahili umakini kuliko kitambaa. Fundi cherehani aliyezoea nguo hufikiria mshono unaoonekana nje. Hapa mshono hupimwa kwa kidole kilichofumba macho: usiwe na uzi uliosimama, usiwe na fundo, na ushonwe mara mbili kwa sababu utavutwa. Punje za uzito hazimwagwi tumboni. Zinatiwa kwanza kwenye mfuko wa ndani ulioshonwa kwa nguvu na kugawanywa vyumba vidogo, ili zisijikusanye upande mmoja, na mfuko ukitoboka kinachomwagika kiwe kidogo.

Ujazaji nao una mambo yake, hasa kwa anayetengeneza mwenyewe Afrika Mashariki. Sufi tunayojazia mito ni laini kweli, ila ikilowa hujishika mabonge na hukauka kwa shida, na mdoli huu utalowa tu, kwa mate kama si kwa uji. Nyuzi za polista hufuliwa kwa urahisi. Mchele, choroko na mtama hutoa uzito mzuri na sauti nzuri ya kumiminika, lakini zinaingia fukusi, na zikipata maji zinaota au kuvunda. Kwa hiyo huwekwa tu kwenye mfuko unaotolewa kwa zipu iliyofichwa kabla ya kufua, na hubadilishwa mara kwa mara. Joto nalo halitajwi kwenye maelezo ya midoli iliyobuniwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kumbatia manyoya mazito ya polista mwezi Februari Dar es Salaam au Mombasa, uone kama utatulia. Pamba nyepesi iliyofuliwa mara nyingi, kama kanga iliyochakaa ya bibi, ni malighafi ya heshima kabisa: laini, haina joto, na harufu yake mtoto anaijua tangu mgongoni.

Usalama wa vichezeo una viwango, na TBS na KEBS ndizo taasisi zinazovisimamia Tanzania na Kenya. Katika kiwango cha Ulaya, EN 71, jicho la mdoli lenye upana unaozidi milimita 6 huvutwa kwa nguvu ya niutoni 90, sawa na kuning'iniza takriban kilo 9, na halitakiwi kung'oka. Kipande kinachoweza kuingia chote kwenye silinda ya kipenyo cha milimita 31.7 huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Vipimo vya silinda hiyo viliwekwa kwa kuwafikiria hasa walio chini ya miaka 3, umri wa kutia kila kitu mdomoni. Mtoto wa miaka 10 mwenye usonji anaweza kuwa bado anatafuna, tena kwa meno ya ukubwani. Hivyo umri ulioandikwa kwenye kifurushi haumhusu. Tabia yake ndiyo inayoamua. Macho ya kutarizi kwa uzi ni salama kuliko ya plastiki, na yana faida nyingine: mdoli wenye macho yaliyofumbwa haumkodolei mtoto asiyependa kutazamwa.

Kabla ya kushona au kununua, mpe mtoto vipande vya vitambaa kwanza, bila mdoli, uviache mkekani, usimsukumie mkononi. Anachokirudia kesho yake ndicho. Kama mnaye mtaalamu wa tiba kwa vitendo, wa aina wanaofundishwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, atakusaidia kutofautisha mtoto anayetafuta mgandamizo na yule anayetafuta mtetemo, jambo ambalo kwa macho ya kawaida hufanana.

Mdoli ukishapendwa, kila badiliko ni tukio. Sabuni mpya yenye manukato inaweza kuufanya ukataliwe wiki nzima. Waliozoea hutengeneza miwili inayofanana na kuizungusha tangu siku ya kwanza, mmoja ukifuliwa mwingine unatumika, ili yote ichakae pamoja. Wa pili ukihifadhiwa mpya kabatini mpaka wa kwanza upotee, mtoto ataushika mara moja na kuutupa, kwa sababu kwa mkono wake huo ni mdoli mwingine. Na akifika umri wa kuona haya kubeba mdoli darasani, kipande cha kitambaa kilekile hushonwa ndani ya mfuko wa kaptula ya sare, akitie vidole humo mwalimu akiendelea kufundisha.