"Tutamtia kambi, atapasi": dhana potofu kuhusu kemia ya fomu foo

Wazee wa Unguja na Pemba wanasema hivi kwa nia njema: "Mwalimu, mwezi wa tisa tutamtia kambi (wiki za kusoma pamoja kabla ya mtihani), atapasi tu." Mtoto naye anasikia, anapumzika. Mtihani wa NECTA ni Novemba, na hizo wiki chache za kambi zinagawanywa na hesabu, fizikia, biolojia na mengineyo. Kemia inabakiwa na nini?

Kambi inaweza kukumbusha. Haiwezi kumpa mtu mkono wa maabara. Kundi zima linachungulia bureti moja (mrija wenye alama na koki, wa kupimia asidi) anayoishika mwalimu, kisha kila mtu anaandika "nimeelewa". Na aliyeiacha moli (kipimo cha kiasi cha kemikali) fomu thri anakutana nayo tena kwenye titresheni (kupima asidi inayotosha kumaliza besi), kwenye elektrolisisi, kila mahali.

Chukua asidi ya HCl ya 0.1 M (moli kwa lita) na 25 cm³ za besi, kaboneti ya Na₂CO₃, ya 0.05 M. Ukitia kiashiria cha MO (methyl orange), rangi inageuka asidi ikifika 25.00 cm³. Ukitia POP (phenolphthalein), uwaridi unapotea kwenye 12.50, maana kaboneti imefika kwenye NaHCO₃ tu. Asiyejua hilo anapiga hesabu yake safi, kwa uwiano ule ule wa kaboneti 1 kwa asidi 2, anapata kaboneti ya 0.025 M. Hesabu haina kosa, jibu ni nusu!

Na makosa ya mkono ndiyo yale yale kila mwaka. Bureti inasuuzwa kwa asidi, pipeti kwa besi, chupa ya koni kwa maji yaliyosafishwa basi. Ukiisuuza kwa besi, mabaki yake yataila asidi zaidi. Faneli itolewe kabla ya kusoma, kwani matone yake yakiingia baadaye ujazo unaonekana mdogo. Povu la hewa chini ya koki likitoka katikati ya kazi linahesabiwa kama asidi. Tone la mwisho la pipeti usilipulize. Kiashiria matone mawili au matatu. Jicho liwe usawa wa alama, desimali mbili: 24.60, si 24.6. Jaribio la kukadiria kwanza, kisha matatu yasiyopishana zaidi ya 0.2, na lile la kukadiria lisiingie kwenye wastani. (Anayeandika 25.00 mara tatu mfululizo asidhani amemdanganya mtu.)

Kwa hiyo moli imalizwe kabla ya kuingia fomu foo. Januari hadi Machi, maswali mawili ya titresheni kila wiki, hata kama skuli haina kemikali: chora jedwali, andika mlinganyo, wastani, moli, jibu na kizio chake. Baada ya sala ya alfajiri kichwa kiko wazi, hesabu zifanywe wakati huo. Aprili hadi Juni, uchambuzi wa chumvi. Julai, pastpepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita. Kambi ibaki ya kurekebisha yaliyokosewa.

Na ziko dhana nyingine. "Pastpepa za miaka kumi zinatosha." Kwa anayezifanya kwa saa, kitabu kimefungwa, kisha akasahihisha, zinasaidia sana. Aliyekariri majibu, pipeti ikibadilishwa kuwa ya 20 cm³, bado anaandika 25.

"Lazima ukariri uzito wa atomu." Unaohitajika kwenye hesabu hutolewa kwenye karatasi. Kariri valensi.

"Usiisome kemia kwa Kiswahili, pepa ni ya Kiingereza." Elewa kwa lugha unayoiwaza, halafu andika jibu kwa Kiingereza kila siku, sentensi nzima. Wanaokosa ni wale waliofanya nusu moja tu ya kazi hii.

"Uchambuzi wa chumvi ni kukariri jedwali." Jedwali linasema chumvi za Zn (zinki), Al (alumini) na Pb (risasi) zote zinatoa mashapo meupe kwa NaOH, na yanayeyuka ikizidi. Sasa utazitenganishaje? Kwa amonia, mashapo ya Zn yanayeyuka ikizidi, ya Al na Pb hayayeyuki; kisha KI (iodidi ya potasiamu) inatoa mashapo ya njano kwa Pb, kwa Al haitoi kitu. Ila NaOH itiwe tone kwa tone huku ukitikisa. Anayemimina kwa pupa anayaruka mashapo yenyewe, na kwenye karatasi anaandika "hakuna mabadiliko".