Amri ya Gavana Inapofika Mpakani mwa Ardhi ya Kabila

Mwezi Mei 2020, amri ya kubaki nyumbani kwa sababu ya UVIKO-19 ikiwa bado inatumika katika jimbo la California, kumbi za karata zenye leseni ya jimbo zilikuwa zimefungwa, ilhali kasino ya Viejas, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani katika Kaunti ya San Diego, ilifungua milango tarehe 18, wageni wakipimwa joto la mwili kabla ya kuingia. Gavana Gavin Newsom hakutuma polisi. Aliwaandikia viongozi wa makabila barua akiwasihi wafikirie upya. Kwa nini kiongozi aliyefunga makanisa, mikahawa na kumbi za sinema kwa saini moja alilazimika kusihi?

Jibu linaanzia kwenye neno kabila lenyewe. Kwetu neno hili hutaja watu wenye lugha na asili moja. Katika sheria ya Marekani linataja pia serikali, yenye ardhi, mahakama na mara nyingi polisi wake. Mwaka 1832, katika kesi ya Worcester dhidi ya Georgia, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria za Georgia hazikuwa na nguvu ndani ya ardhi ya Wacherokee. Msimamo huo umepunguzwa makali mara nyingi, hasa katika hukumu ya mwaka 2022 ya Oklahoma dhidi ya Castro-Huerta iliyohusu makosa ya jinai, lakini bado ni vigumu kwa jimbo kusimamia shughuli za kabila katika ardhi yake bila ruhusa ya Bunge la shirikisho.

Bunge lilitoa ruhusa ya sehemu tu. Sheria ya Umma namba 280 ya mwaka 1953 iliyapa majimbo machache, California likiwemo, mamlaka ya jinai katika ardhi za makabila, na hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa hiyo naomba msomaji atulie nami kidogo. California ilitumia sheria hiyo kutaka kudhibiti bingo na karata za Cabazon, kabila dogo la jangwani karibu na mji wa Indio. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ilikataa. Ilisema kwamba sheria inayoharamisha jambo kabisa inaweza kuvuka mpaka, lakini sheria inayoliruhusu kwa masharti haivuki, hata kama anayeivunja huadhibiwa kama mhalifu. Na jimbo lenyewe, mahakama ikakumbusha, lilikuwa likiendesha bahati nasibu. Amri ya wakati wa UVIKO-19 haikutangaza kwamba kamari ni haramu. Ilisimamisha kwa muda shughuli iliyokuwa halali jana yake. Kwa maoni yangu huo ni udhibiti, na adhabu iliyoambatana nao haikuugeuza kuwa kitu kingine.

Mwaka uliofuata hukumu hiyo, 1988, Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Kamari ya Makabila, inayotaka mashine za kamari na michezo mikubwa ya kasino iendeshwe chini ya mkataba kati ya kabila na jimbo. Mikataba ya California ya mwaka 1999 ililikataza kabila kuendesha kamari kwa namna inayohatarisha afya ya umma, kisha kifungu hicho hicho kiliongeza kwamba sheria za jimbo kuhusu tumbaku hazingetumika. Nyongeza hiyo ya moshi inaonyesha jinsi kila neno lilivyopimwa mezani. Hata hivyo, anayedai kwamba mkataba umevunjwa huenda kwenye mashauriano na usuluhishi, wala si kufunga mlango usiku huo. Uwezo wa kuifunga kwa muda kasino inayotishia afya ya umma uko kwa Tume ya Taifa ya Kamari ya Makabila, ambayo ni chombo cha shirikisho.

Ipo pia sheria ya mwaka 1929, isiyotajwa sana, inayowaruhusu maofisa wa jimbo kuingia katika ardhi za makabila kukagua afya na kutekeleza karantini. Lakini wanaingia kwa kanuni na masharti ya Waziri wa Mambo ya Ndani wa Marekani, ambaye kule husimamia ardhi na mambo ya makabila, si polisi. Gavana hajipi ruhusa hiyo mwenyewe.

Kinachobaki mkononi mwake ni vitu vya pembeni, kama vile leseni ya pombe, ambayo Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 1983 kwamba jimbo linaweza kuidai hata ndani ya ardhi ya kabila. Zaidi ya hapo ni mazungumzo. Gavana Ned Lamont wa Connecticut alipinga hadharani mpango wa kufungua Foxwoods na Mohegan Sun, kasino mbili za makabila katika jimbo lake. Zilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020.

Tusiwahukumu wenye kasino haraka. Kasino hizo zilikuwa zimejifunga zenyewe mwezi Machi, na kwa makabila mengi mapato yake hushika nafasi ya kodi: ndiyo yanayolipa walimu na zahanati. Mapato ya kamari ya makabila yalishuka kutoka dola bilioni 34.6 mwaka wa fedha wa 2019 hadi bilioni 27.8 mwaka uliofuata.

Tena mpaka huo huo hulinda upande wa pili. Katika jimbo la South Dakota, ambako gavana hakuweka amri ya kubaki nyumbani, kabila la Cheyenne River Sioux liliweka vizuizi barabarani ili virusi visiingie. Tarehe 8 Mei 2020 Gavana Kristi Noem aliwapa saa 48 waviondoe. Mwenyekiti wa kabila, Harold Frazier, alikataa. Hospitali yao ilikuwa na vitanda vinane na haikuwa na chumba cha wagonjwa mahututi. Chumba cha namna hiyo kilikuwa Rapid City, mwendo wa saa tatu kwa gari.