Land Rover ya zamani uani kwako: msasa na brashi sawa, rangi ya hadina waachie gereji

Land Rover Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na bado ziko barabarani, mashambani na nyuma ya nyumba za watu. Wanaotufuata chuoni kutaka ushauri wa kuzifufua nyumbani huanza na rangi: ipi inang'aa, ipi inadumu. Sisi tunaofundisha bodi na rangi huwarudisha kwanza kwenye chuma.

Bodi ya gari hili kwa sehemu kubwa ni aluminiamu, lakini chesisi, fremu za milango na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma. Wengi hudhani aluminiamu haiharibiki. Huharibika, hasa pale inapogusana na chuma huku unyevu na chumvi vikiingia katikati, kama ilivyo kwa magari yaliyokaa Tanga, Mtwara au Mombasa. Tazama pembeni mwa boliti na ukingo wa chini wa milango: rangi imevimba malengelenge, na ukiikwangua unakuta unga mweupe. Fila (lipu ya kujazia mashimo ya bodi) iliyopakwa juu ya unga huo ni pesa iliyotupwa. Ng'oa boliti, safisha mpaka uone metali inayong'aa, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, inayoshika aluminiamu (ile ya kawaida ya chuma hubanduka), kisha rudisha boliti mpya zenye washa za mpira au plastiki ili metali hizo mbili zisigusane.

Chesisi ipime kwa nyundo ndogo, ukianzia nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu, na mara nyingine nyundo hupenya. Kwa kuwa chesisi ina uwazi ndani, kutu huanzia huko usikokuona. Ikihitaji kuchomelewa, mwite fundi, na tangi la mafuta litolewe kwanza. Katika nyingi ya gari hizi tangi liko chini ya kiti cha mbele, na tangi tupu lenye mvuke wa petroli hulipuka vibaya kuliko lililojaa.

Sasa msasa. Rangi za zamani huenda zina risasi, ile metali yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wanaocheza chini na kutia vidole mdomoni. Kwa hiyo tumia msasa wa maji, usikwangue kavu. Tandika turubai chini ya gari, kusanya tope lake kabla halijakauka, na usilifagilie bustanini wala mahali kuku wanapodonoa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Chuma kilicholowa kikaushe na kukipaka praima siku hiyohiyo. Kikilala wazi, asubuhi kina kutu mpya.

Ninalotaka lisikike kuliko yote ni hili la kupuliza. Rangi nyingi za magari za siku hizi huchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha rangi, na hadina hiyo kwa kawaida ina kemikali ziitwazo isosayaneti. (Siyo ile hadina ya tyubu inayochanganywa na fila, hiyo ni kitu kingine.) Ukipuliza kwa kompresa, ukungu wake huelea hewani hata pale macho hayauoni tena, na hauna harufu ya kukuonya. Mapafu yakishazoea kuukataa, kiasi kidogo tu hukuletea pumu, na hali hiyo inaweza kubaki nawe maisha yote. Mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, HSE, inakadiria kuwa wapulizaji wa rangi hizi kwenye magari wana hatari ya kupata pumu takriban mara 80 kuliko wafanyakazi wengine nchini humo. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii chochote hapa. Kinachotakiwa ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira, ndani ya chumba chenye feni za kuvuta ukungu. Uani kwako havipo, na ukuta wa jirani hauzuii ukungu kumfikia.

Nyumbani tumia enameli ya magari ya kopo moja, isiyo na hadina. Ipake kwa brashi laini au rola ya sponji, tabaka nyembamba, ukipitisha msasa mwepesi wa maji kati ya tabaka. Bodi ya Land Rover ina sehemu nyingi zilizonyooka, hivyo brashi huipendeza kuliko gari lolote ninalolifahamu. Anza umande ukishakauka na umalize kabla ya jioni, maana unyevu huiachia rangi ukungu mweupe. Ukitaka mng'ao wa hadina, peleka gari kwenye gereji yenye chumba cha rangi.

Na kama ulikwisha kupuliza rangi ya hadina, ukaanza kukohoa au kubanwa kifua jioni au usiku baada ya kazi, acha kuipuliza. Nenda hospitali na umtajie daktari rangi uliyotumia. Ukiweza, mpelekee karatasi ya kopo la hadina.