Kanisa la kwanza: tulivyosimuliwa na lilivyokuwa

Dhana: Kanisa la kwanza halikuwa na ugomvi.

Ukweli: Anayesema hivi aliishia Matendo ya Mitume sura ya 2, penye waumini wenye umoja na kushirikiana mali. Fika sura ya 6 uone Wayahudi wasemao Kiyunani wakinung'unika kwamba wajane wao wanarukwa chakula kinapogawiwa. Mitume hawakukemea "roho ya manung'uniko". Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina yote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao, ni ya Kiyunani. Inaelekea kapu walikabidhiwa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Pendekeza hilo kwenye kamati ya ujenzi ya usharika wowote hapa Dar, kisha unisimulie.

Dhana: Bila jengo hakuna kanisa.

Ukweli: Walikutana majumbani. Dura-Europos, nchini Syria, kumefukuliwa nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa katika karne ya 3, ina hadi chumba cha ubatizo.

Dhana: Mtume haulizwi mambo ya fedha.

Ukweli: Hapa nitakaa kidogo, maana mabango ya mitume na manabii yametapakaa kuanzia Mbezi hadi Mbagala. Didake, mwongozo wa Wakristo ambao wasomi wengi huuweka karibu na mwaka 100, unasema mtume mgeni akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani tu, na akiomba fedha, naye ni wa uongo. (Tuseme haki: mwongozo huohuo unaruhusu nabii wa kweli aliyehamia mahali kupewa malimbuko.)

Fedha zilikwenda wapi, basi? Kathago, hapahapa Afrika, mwaka 197 hivi, mwandishi Mkristo Tertuliano aliandika kuwa kila mtu huweka kidogo mara moja kwa mwezi, akipenda na akiweza. Zilizika maskini, zikalisha yatima, zikawafikia waliofungwa migodini. Mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma alitaja wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa lake.

Jumuiya yetu ya Tabata hukutana Jumamosi alfajiri, viti vya plastiki vya kuazima. Katibu husoma kaunta buku: jengo, kiwanja, bahasha za mavuno, spika mpya. "Wagonjwa" ni mstari wa mwisho. Wiki iliyopita ulikuwa na shilingi 12,000, hazikutosha hata bajaji ya kumpeleka bibi jirani kliniki na kumrudisha.

Dhana: Waumini walilazimishwa kuuza mali zao.

Ukweli: Katika Matendo sura ya 5, Anania aliuza shamba akaficha sehemu ya fedha. Petro alimwambia waziwazi kwamba shamba lilikuwa lake Anania, na hata baada ya kuuza fedha zilikuwa mkononi mwake. Kosa lake lilikuwa kudanganya kuhusu bei. Kwa hiyo ukibanwa uuze kiwanja chako cha Chanika ili usomwe jina madhabahuni, wanaokubana wasimtaje Petro.